Garrett Morgan, fundi wa mashini za kushona aliyetaka magari yote yasimame kwanza

Tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka 1923, serikali ya Marekani ilimpa Garrett Augustus Morgan, mwanaume mweusi mkaaji wa mji wa Cleveland, hati ya uvumbuzi nambari 1 475 024. Hati hiyo ilihusu nguzo ya kuongoza magari kwenye njia panda. Katika nguzo hiyo mlikuwa na jambo moja ambalo hadi leo ndilo kiini cha usalama barabarani: kabla ya kuruhusu upande mwingine kupita, wote wasimame kwanza.

Miaka zaidi ya 100 baadaye, kampuni kubwa za Marekani zimeingiza barabarani motokari zisizo na dereva, na serikali mbalimbali zinatafuta sheria za kuzisimamia. Swali linalowasumbua wakubwa wa miji leo ndilo fundi huyo aliyekufa mwaka 1963 alishughulika nalo: nani ahakikishe kwamba mashini itasimama wakati mtu yuko mbele yake?

Mtoto wa watu waliotoka utumwani

Garrett Morgan alizaliwa tarehe 4 mwezi wa 3 mwaka 1877 karibu na mji mdogo wa Paris, katika jimbo la Kentucky, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walikuwa wamewahi kuwa watumwa, na yeye alikuwa mtoto wa saba kati ya watoto 11. Utumwa ulikuwa umefutwa miaka 12 tu mbele ya kuzaliwa kwake. Familia iliishi kwa kulima, na masomo yake yaliishia kwenye shule ya msingi.

Alipofika miaka 14 hivi aliondoka kijijini akaenda Cincinnati, jimbo la Ohio, kutafuta kazi. Huko alifanya kazi za mikono kwa tajiri mmoja, na sehemu ya mshahara wake akaitumia kumlipa mwalimu wa kumfundisha nyumbani. Mwaka 1895 alihamia Cleveland, mji wa viwanda ulio kando ya Ziwa Erie, akapata kazi ya kutengeneza mashini za kushona.

Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa chuo chake. Kila siku alifungua mashini zilizokwama, akatafuta sababu ya kukwama, akazirudisha katika kazi. Mwaka 1907 alifungua karakana yake mwenyewe. Mwaka 1908 alimuoa Mary Anne Hassek, mshonaji mzungu aliyekuwa amehamia Marekani kutoka Ulaya, na mwaka 1909 wawili hao wakafungua duka la kushona nguo lililoajiri wafanyakazi 32. Ndoa ya mtu mweusi na mwanamke mzungu, wakati ule, ilikuwa jambo la kuhatarisha kazi na hata maisha.

Wakati alipokuwa akitafuta dawa ya kulainisha sindano zisichome kitambaa, aligundua kwamba maji hayo yananyoosha manyoya. Aliyajaribu kwa mbwa wa jirani, kisha akayajaribu kwa nywele zake mwenyewe. Mwaka 1913 alianzisha kampuni ya kuuza dawa ya nywele. Pesa za kampuni hiyo ndizo zilizomwezesha kuendelea na uvumbuzi mwingine.

Kofia ya kuingilia moshini

Uvumbuzi wake mkubwa wa kwanza ulihusu wazima moto. Katika miji ya Marekani ya wakati ule, wazima moto wengi hawakuuawa na moto wenyewe bali na moshi. Morgan alitengeneza kofia kubwa ya kitambaa iliyofunika kichwa chote, yenye mrija mrefu uliofika karibu na ardhi. Alijua kwamba moshi hupanda juu, na hewa iliyo afadhali hubaki chini. Ndani ya mrija aliweka sifongo iliyoloweshwa maji ili kupoza na kusafisha hewa hiyo. Mwaka 1914 alipewa hati ya uvumbuzi ya kofia hiyo, akaanzisha kampuni ya kuiuza.

Hapo akakutana na ukuta wa ubaguzi. Wakubwa wa vikosi vya zimamoto, hasa katika majimbo ya kusini, hawakutaka kununua kifaa kilichotengenezwa na mtu mweusi. Morgan akatafuta njia ya kupita. Alimwajiri mwigizaji mzungu ajifanye mvumbuzi, naye mwenyewe akajivika mavazi ya Mhindi Mwekundu na kuchukua jina la kubuni. Mbele ya watu waliokusanyika, hema lilijazwa moshi mzito wenye harufu kali. Yule mzungu alitoa maelezo, na Morgan ndiye aliyeingia ndani akiwa amevaa kofia yake, akakaa humo kwa dakika nyingi, kisha akatoka mzima.

Alilazimika kuficha jina na rangi yake. Lakini hatari ya kifaa chake hakuificha, na hakumtuma mtu mwingine aibebe. Yeyote aliyekuwepo alimwona aliyeingia na aliyetoka.

Usiku wa Ziwa Erie

Jaribio lisilokuwa na hema lilikuja mwezi wa 7 mwaka 1916. Mji wa Cleveland ulikuwa unachimba njia ya maji chini ya Ziwa Erie, ili kuleta maji safi kutoka mbali na uchafu wa ufuko. Usiku wa tarehe 24 gesi ililipuka ndani ya shimo hilo na wafanyakazi wakakwama chini. Makundi ya waokoaji waliowafuata bila vifaa vya kufaa nao wakaanguka kwa gesi.

Mtu mmoja aliyewahi kuona kofia ya Morgan ikifanya kazi alikumbuka kwamba mvumbuzi wake anaishi mjini humo humo. Morgan aliamshwa usiku. Akamchukua ndugu yake Frank, wakabeba kofia, wakaenda hadi kwenye shimo. Wengi wa waliosimama hapo hawakukubali kushuka tena. Morgan na ndugu yake walivaa kofia wakashuka, na watu wengine wachache wakajiunga nao. Walipandisha watu wawili wakiwa hai, pamoja na miili ya waliokufa. Ajali hiyo iliua watu karibu 20.

Magazeti mengi na wakubwa wa mji waliwasifu watu wengine. Medali za mashujaa zilitolewa kwa wazungu walioshiriki, na Morgan akaachwa. Mwaka 1917 alimwandikia meya wa Cleveland kulalamika. Kundi la raia wa mji ndilo lililomtengenezea medali yake. Tena, picha zake zilipotokea katika magazeti, wateja wa kusini wakajua kwamba mwenye kofia ni mtu mweusi, na baadhi yao wakaacha kununua.

Njia panda za Cleveland

Katika miaka hiyo hiyo, Cleveland ulikuwa mmoja wa miji iliyotengeneza motokari nyingi Marekani. Barabarani kulikuwa na mchanganyiko wa kila kitu: farasi na mikokoteni, baiskeli, tramu za umeme, malori, motokari mpya zenye mbio, na watu kwa miguu, wazee na watoto. Zamani barabara ilikuwa ya wote. Motokari ilipoingia, aliye na mbio ndiye aliyepita, na asiyekimbia akagongwa.

Morgan mwenyewe alikuwa na motokari, jambo ambalo watu weusi wachache sana wa Cleveland waliliweza wakati ule. Kwa hiyo aliijua barabara kwa pande mbili, ya dereva na ya mtembea kwa miguu. Katika masimulizi ya maisha yake inatajwa kwamba aliona ajali mbaya kwenye njia panda kati ya motokari na gari la farasi, na kwamba ajali hiyo ndiyo iliyomsukuma kuanza kazi.

Si kwamba miji haikuwa na alama. Tayari mwezi wa 12 mwaka 1868, mjini London, taa ya gesi ilikuwa imewekwa karibu na Bunge kuongoza magari ya farasi. Wiki chache baadaye gesi ililipuka ikamjeruhi polisi aliyekuwa akiizungusha. Cleveland nao, tarehe 5 mwezi wa 8 mwaka 1914, uliweka taa za umeme za nyekundu na kijani kwenye makutano ya Euclid Avenue na barabara ya 105. Katika mji wa Detroit, mwaka 1920, polisi William Potts alitengeneza taa ya rangi tatu inayoonekana kutoka pande nne.

Kwa hiyo wanaosema kwamba Morgan ndiye aliyevumbua taa za barabarani wanaongeza chumvi, na kifaa chake hakikuwa na taa ya manjano. Alichotengeneza ni nguzo yenye mikono, mfano wa herufi T, inayozungushwa na polisi kwa mkono. Uzito wa kazi yake uko kwenye namna mikono hiyo ilivyofanya kazi.

Wote simama

Alama nyingi za wakati huo zilijua maneno mawili tu: simama na pita. Polisi alipobadilisha, upande mmoja ulisimamishwa na upande mwingine ukaachiliwa mara moja. Lakini motokari haisimami kwa sekunde moja. Aliyekuwa katikati ya njia panda hakuwa amemaliza kupita, na aliyeachiliwa alikuwa ameshaanza kuja. Mama mwenye mtoto mkononi, aliyeanza kuvuka, alijikuta kati yao.

Morgan aliongeza hali ya tatu. Mikono ya nguzo ilipoinuliwa juu, magari ya pande zote yalipaswa kusimama. Njia panda ilibaki tupu kwa muda mfupi: waliokuwa katikati wamalize, na wenye kutembea kwa miguu wavuke. Hapo ndipo upande mwingine uliporuhusiwa. Na saa za usiku, au wakati magari ni machache na polisi hayupo, mikono iliachwa nusu, ikiwa na maana kwamba kila anayefika apunguze mbio na aangalie.

Fundi huyo alitaka pia nguzo hiyo iwe rahisi kutengenezwa na isiwe ya bei kubwa. Aliona kwamba kifaa cha usalama ambacho mji hauwezi kukinunua hakimlindi mtu yeyote. Baadaye aliuza haki zake. Masimulizi mengi ya maisha yake yanataja kampuni ya General Electric na dola 40 000.

Nguzo yenye mikono haikudumu, maana taa za umeme ziliishinda. Lakini wazo la kuacha njia panda tupu kwa muda mfupi limebaki. Leo katika miji mingi ya dunia, taa zote huwa nyekundu kwa sekunde moja au mbili kabla ya kijani kuwaka upande mwingine. Wahandisi wa barabara wanaupanga muda huo kwa hesabu, wakijua kwamba ukikatwa, ajali zitaongezeka.

Miaka ya mwisho

Morgan hakuishia kwenye mashini. Mwaka 1920 alianzisha gazeti lililoitwa Cleveland Call, lililoandika habari za watu weusi wa mji huo. Mwaka 1931 alisimama katika uchaguzi wa baraza la mji akidai kazi, makao bora na haki kwa watu wake. Alishindwa. Kuanzia mwaka 1943 ugonjwa wa macho ulimpokonya sehemu kubwa ya uwezo wa kuona, lakini aliendelea kufanya kazi karakanani.

Alikufa tarehe 27 mwezi wa 7 mwaka 1963, akiwa na miaka 86, akazikwa katika makaburi ya Lake View mjini Cleveland. Mwaka 1991 mji uliomnyima medali ulitoa jina lake kwa kiwanda cha kusafisha maji.

Kutoka mikono ya Morgan hadi motokari zisizo na dereva

Wasomaji wa Congo wanaweza kuitambua nguzo ya Morgan kwa haraka. Mwaka 2013, mjini Kinshasa, roboti za kuongoza magari ziliwekwa kwenye barabara kubwa. Zilibuniwa na mhandisi Mkongomani, mama Thérèse Izay, na zinatumia nguvu ya jua. Roboti hizo huinua mikono na kuwasha taa nyekundu na kijani, nazo zina kamera. Huku mashariki, Goma na Bukavu, hadi mwanzo wa mwaka 2025 mara nyingi alikuwa polisi wa PCR aliyesimama katikati ya rond-point akiinua mikono yake mwenyewe, huku pikipiki zikimpita kushoto na kuume. Kwa njia zote mbili, anayesimamisha yuko nje ya gari, na dereva anamtii au anamkataa.

Motokari isiyo na dereva imebadilisha jambo hilo. Anayeamua kusimama ni kompyuta iliyo ndani ya gari, na aliyeipanga ni kampuni iliyo mbali.

Usiku wa tarehe 18 mwezi wa 3 mwaka 2018, mjini Tempe, jimbo la Arizona, gari lililokuwa likijaribiwa na kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walikuta kwamba kompyuta ilimwona zaidi ya sekunde tano mbele ya kumgonga. Ilibadilisha mawazo mara kadhaa, ikimhesabu kama gari, kisha kama kitu kisichojulikana, kisha kama baiskeli. Haikuwa imepangwa kutegemea kwamba mtu anaweza kuvuka mahali pasipo na alama za kuvukia. Katika wakati ule wa mashaka, haikusimama. Mfanyakazi aliyekuwa ndani ya gari alishitakiwa, na mwaka 2023 akakubali kosa. Kampuni yenyewe haikufikishwa mbele ya korti kwa kesi ya jinai.

Tarehe 2 mwezi wa 10 mwaka 2023, mjini San Francisco, mwanamke aligongwa na gari lenye dereva, akatupwa mbele ya gari la kampuni ya Cruise lisilo na dereva. Gari hilo lilimkanyaga, likasimama. Kisha, badala ya kubaki hapo, likaanza tena kutembea ili kujisogeza pembeni, likamburuza kama metre sita akiwa chini yake. Alijeruhiwa vibaya. Tarehe 24 ya mwezi huo, jimbo la California liliondoa ruhusa ya kampuni kutembeza magari yasiyo na dereva, likiishitaki pia kwa kutosema yote yaliyotokea. Mwaka 2024 kampuni ilikubali mbele ya sheria kwamba ripoti iliyopeleka kwa serikali haikuwa ya kweli, ikalipa dola 500 000. Mwishoni mwa mwaka huo, kampuni mama, General Motors, ikaacha kutoa pesa kwa mradi huo wa teksi.

Wanaotetea motokari hizo wanasema kwamba mashini hainywi pombe, haisinzii wala haiandiki ujumbe kwenye simu. Ni kweli, na katika nchi ambako madereva wanaua watu wengi kila mwaka hoja hiyo si ndogo. Lakini ajali hizo mbili zinaonyesha kwamba kutochoka hakutoshi. Katika ya kwanza gari halikusimama. Katika ya pili lilisimama bila kubaki limesimama.

Serikali zimeanza kujibu. Tangu mwaka 2021, Marekani inalazimisha kampuni kutangaza ajali za magari hayo kwa serikali. Mwaka huo huo Ujerumani ilipitisha sheria inayotaka awepo mtu anayeyasimamia kutoka mbali na mwenye uwezo wa kuyazima. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2024, iliamua kwamba gari linapojiendesha lenyewe, anayejibu kwa mwendo wake ni kampuni iliyopewa ruhusa, si mtu aliyekaa ndani.

Sheria hizo zinakaribia mambo mawili ambayo maisha ya Garrett Morgan yalionyesha. La kwanza ni kwamba palipo na mashaka wote wasimame, na muda huo wa kusimama usihesabiwe kuwa hasara. La pili ni kwamba mwenye kifaa abebe hatari ya kifaa chake. Morgan aliingia moshini kwa kofia yake mwenyewe, akashuka chini ya ziwa nayo, mbele ya watu. Wakaaji wa Tempe na San Francisco walikuwa sehemu ya majaribio kwa sababu tu walikuwa wakipita barabarani, na hakuna aliyewauliza kama wanakubali.